Kuzuia Dawa za Kulevya na Ukatili kwa Wanafunzi: Anza na Ramani ya Shule na Saa ya Ukutani

Shule nyingi huanza kushughulika na dawa za kulevya siku ile mwanafunzi anapokutwa na misokoto ya bangi ndani ya soksi, na huanza kushughulika na ukatili siku ile mtoto anapopasuliwa kichwa. Kinachofuata kinajulikana: mkusanyiko wa dharura, onyo kali kutoka kwa mkuu wa shule, msako wa mabegi, mgeni wa kuja kuzungumza wiki inayofuata, kisha ukimya hadi tukio lingine. Mwongozo huu ni kwa walimu, walezi na wazazi wanaotaka kutoka kwenye mzunguko huo. Umejengwa juu ya jambo moja ambalo kiti cha mwalimu wa ushauri nasaha kimenifundisha kulishika kwa nguvu, kwamba mwanafunzi huangukia kwenye dawa au kwenye kisu pale ambapo hakuna mtu mzima aliye karibu naye. Karibu hapa ina maana zote mbili: hakuna jicho linaloona mahali alipo, na hakuna mkubwa anayemjua vya kutosha kugundua kwamba amebadilika.

Ndiyo maana sizitenganishi mada hizi mbili. Katika shule nyingi kesi za dawa huenda kwa mwalimu wa nidhamu, za kupigana kwa mwalimu wa zamu, za utoro kwa mwalimu wa darasa, na kila mmoja ana daftari lake. Yawekwe madaftari hayo matatu juu ya meza moja, na itaonekana jinsi majina yanavyojirudia. Mtoto anayenyang'anywa pesa yake kila siku hutafuta kundi la kumlinda. Kundi lina ada yake, na ada hiyo mara nyingi ni kuvuta pamoja nao, kisha kuwabebea mzigo, kisha kumnyang'anya aliye mdogo kuliko yeye. Mtu akimkamata katika hatua ya tatu humwita mhalifu, na akiwa amemwona katika hatua ya kwanza angemwita mhanga, ilhali ni mtoto yule yule.

Fahamu kwanza kinachotokea katika shule yako

Kabla ya kupanga lolote, kusanya taarifa kutoka kwa wanafunzi wenyewe kwa dodoso fupi lisilo na jina. Maswali 15 yanatosha. Uliza kuhusu siku 30 zilizopita, maana kumbukumbu ya mwaka mzima haina uhakika: je, umekunywa pombe, umevuta sigara ya kawaida au ya kielektroniki, umetumia bangi, umenusa gundi au petroli, umepigwa, umenyang'anywa kitu, umetukanwa kwenye simu, umeogopa kuja shule? Halafu ongeza swali moja ambalo wengi hulisahau: unadhani kati ya wanafunzi 10 wa darasa lako, ni wangapi waliovuta au kunywa ndani ya siku hizo 30? Jibu la swali hilo utalihitaji baadaye, tutakapofika kwenye vipindi vya darasani.

Dodoso lisisimamiwe na mwalimu wa darasa, wala lisikusanywe mkononi. Liwekwe sanduku lenye tundu, wanafunzi wakae mbalimbali, na waambiwe waziwazi kwamba hakuna atakayelinganisha miandiko. Ahadi hiyo ikivunjwa mara moja tu, hakuna dodoso litakalopata ukweli tena katika shule hiyo kwa kizazi kizima cha wanafunzi. Kwa wanaotaka kujua wanasimama wapi wakijilinganisha na wengine, ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 kuhusu ukatili shuleni ilionyesha kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake angalau mara moja ndani ya mwezi uliotangulia. Shule inayosema haina tatizo hilo kabisa, kwa kawaida ni shule ambayo haijauliza.

Baada ya dodoso, chora ramani. Chukua karatasi kubwa, uweke madarasa, vyoo, uwanja, jiko, lango, uzio, mabweni kama yapo, na njia zinazoingia na kutoka. Toa nakala ndogo kwa kila mwanafunzi, wasichana kando na wavulana kando, uwaombe waweke nukta nyekundu mahali wanapoogopa kupita na waandike pembeni saa gani. Kisha hamisha nukta zote kwenye ramani kubwa.

Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili nilikuwa nimeshajiandalia jibu, kwamba nukta zitajaa nyuma ya uzio, ambako tulikuwa tukiokota vipisi vya sigara. Zilijaa kwenye bomba la maji, saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko. Bomba lilikuwa moja, foleni ndefu, na vijana wanne wa madarasa ya juu walikuwa wameigeuza foleni ile kuwa kituo cha kutoza kodi. Asiyetoa pesa alitoa chakula, na asiye na chakula alitumwa kwenda kununua alichotumwa bila kuuliza kimefungwa nini ndani. Walimu wote tulikuwa tukinywa chai hatua 40 kutoka pale, ndani ya chumba chenye dirisha linalotazama upande mwingine. Dawa ya tatizo ilikuwa fundi wa kufufua bomba la pili lililokuwa limekufa na walimu wawili kwenda kunywea chai yao nje.

Ramani ikishakamilika, pitia nukta moja moja pamoja na saa yake na jiulize mambo matatu tu: nani mtu mzima alipaswa kuwa hapo saa hiyo, kwa nini hakuwepo, na je, sehemu yenyewe inaweza kubadilishwa, kwa taa, kwa kukata kichaka, kwa komeo la ndani la mlango wa choo, kwa kufunga chumba kisichotumika. Ratiba ya zamu itokane na ramani hiyo. Zamu inayozunguka shule nzima bila mpangilio ni matembezi tu, na wanafunzi wanajua mwalimu yuko wapi kuliko mwalimu anavyojua wao wako wapi.

Ukaribu wa maana ya pili ni mgumu zaidi, lakini nao una njia ya kuupima. Bandika ukutani mwa chumba cha walimu majina ya wanafunzi wote, mlango ukiwa umefungwa. Kila mwalimu apite na kalamu na kuweka alama kwenye jina la mwanafunzi ambaye anajua kitu chochote kumhusu zaidi ya alama zake za mtihani: anaishi na nani, anapenda nini, nani ni rafiki yake. Alama hizo hazigawanyiki sawa. Wanafunzi hodari na wanafunzi wakorofi hujaa alama. Katikati hubaki majina matupu, ya wale wakimya wasiosumbua mtu. Gawaneni majina hayo, kila mwalimu achukue matano au sita, awe anawasalimu kwa majina, awaulize habari, aone wanapokosekana. Hakuna haja ya kuwaambia wanafunzi kwamba wamegawanywa. Katika hatua zote za mwongozo huu, hii ndiyo isiyogharimu pesa hata kidogo, na ndiyo ninayoiona ikipuuzwa kuliko zote kwa sababu haipigwi picha.

Mambo ya kuacha

Nasema haya mapema kwa sababu yanakula muda na fedha ambazo zingefanya kazi nyingine. Hotuba ya kutisha, yenye picha za mapafu meusi na maiti, husisimua kwa siku mbili. Ushuhuda wa mtu aliyeacha dawa unagusa moyo wa mwalimu, ila kijana mwenye miaka 15 anachokiona mbele yake ni mtu aliyetumia kila kitu, akaishi, akavaa vizuri, na sasa anapigiwa makofi. Viwango vya kimataifa vya kuzuia matumizi ya dawa za kulevya vilivyotolewa na UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, pamoja na Shirika la Afya Duniani, toleo la pili la mwaka 2018, vinaiweka mihadhara isiyoshirikisha wanafunzi, vitisho na shuhuda za waliowahi kutumia katika kundi la mbinu zisizo na matokeo au zenye madhara.

Marekani imeyapitia haya kwa gharama kubwa. Programu ya D.A.R.E., iliyoanza Los Angeles mwaka 1983, ilipeleka maofisa wa polisi madarasani kuwafundisha watoto kukataa dawa, ikaenea katika nchi nzima na kupendwa sana na wazazi. Tathmini nyingi zilizofuata zilionyesha kwamba wanafunzi waliopitia mtaala ule wa awali hawakutofautiana kwa maana yoyote ya kudumu na wale ambao hawakuupitia, na hatimaye mtaala wenyewe ulibadilishwa. Ziara za kuwapeleka vijana watukutu magerezani ili wafokewe na wafungwa zilikuwa mbaya zaidi: mapitio ya majaribio yaliyofanywa juu yake yaligundua kwamba waliopelekwa walifanya makosa mengi kuliko wenzao walioachwa nyumbani.

Upimaji wa mkojo wa kushtukiza nao hauna ushahidi wa kuaminika wa kupunguza matumizi. Unachofanya kwa uhakika ni kuwafundisha vijana dawa zipi hazionekani kwenye kipimo na kumfanya mwalimu aonekane askari. Msako wa mabegi unaweza kuwa wa lazima siku yenye taarifa ya silaha, na hapo ufanywe mara moja, kwa heshima, na watu wawili wa jinsia ya mwanafunzi. Ukifanywa kila Jumatatu, mizigo itapita kila Jumanne.

Vipindi vinavyosaidia

Kinachofanya kazi darasani ni stadi zinazofanyiwa mazoezi, si taarifa zinazokaririwa. Programu ya Unplugged, iliyojaribiwa katika nchi 7 za Ulaya kwa wanafunzi wa miaka 12 hadi 14, ina vipindi 12 vinavyoendeshwa na mwalimu wa kawaida aliyepewa mafunzo, na sehemu kubwa ya vipindi hivyo ni mazungumzo, maigizo na kazi za vikundi. Shule isiyo na programu maalumu inaweza kutunga vipindi vyake kwa msingi huo huo, mradi viwe kati ya 10 na 15, vifuatane wiki kwa wiki, na vianze kabla ya umri ambao dodoso limeonyesha kuwa wengi hujaribu kwa mara ya kwanza.

Kipindi cha kwanza kitokane na lile swali la wangapi kati ya 10. Karibu kila mahali utafiti wa aina hii unapofanywa, vijana hukadiria kwamba wenzao wanaotumia ni wengi kuliko walivyo kweli. Andika ubaoni makadirio ya darasa, tuseme 6 kati ya 10, kisha andika jibu halisi la dodoso, pengine ni 1 au 2. Acha watazame. Kijana aliyekuwa akidhani yeye ndiye aliyebaki nyuma ya wenzake huona ghafla kwamba yuko katika wengi, na hilo humpa nguvu ambayo hotuba haiwezi kumpa. Sharti ni kwamba takwimu ziwe za shule yenyewe na ziwe za kweli. Kama dodoso limeonyesha kuwa wengi wanatumia, kipindi hicho kiachwe, maana kitageuka tangazo.

Vipindi vya kukataa vinahitaji uangalifu. Mwanafunzi akifundishwa kusema tu "hapana, asante", atachekwa, naye anajua hivyo. Waache wao waandike maneno wanayoambiwa kweli, wayaigize wakiwa watatu watatu, mmoja akishawishi, mmoja akikataa, mmoja akitazama sura na sauti ya anayekataa. Katika darasa moja niliyasikia majibu ambayo nisingeyatunga mimi: "Mimi ni kipa, Jumamosi nina mechi," na jingine, "Baba yangu hunusa nguo kabla hajanisalimia." Jibu zuri halimtukani anayeshawishi, halifungui mjadala, na linampa anayekataa njia ya kuondoka. Fanyeni mazoezi hadi maneno yatoke bila kufikiri, kwa sababu siku yenyewe hakutakuwa na muda wa kufikiri.

Katika vipindi vya madhara, sema kweli bila kutia chumvi. Eleza kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, inayosimamia maamuzi na kujizuia, huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na kwamba uraibu huota mizizi kwa urahisi zaidi ukianza mapema. Kwamba sigara za kielektroniki zenye harufu ya matunda nyingi zina nikotini. Kwamba kunusa gundi au petroli kunaweza kuusimamisha moyo hata mara ya kwanza. Mwalimu anayesema bangi huua papo hapo hataaminiwa atakaposema kitu cha kweli kuhusu heroini.

Kwa watoto wa madarasa ya awali hakuna haja ya kutaja dawa kabisa. Kuna mchezo wa tabia njema ulioelezwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1969: darasa hugawanywa katika timu, mwalimu hutaja kanuni chache, na timu zote zinazobaki ndani ya idadi ndogo ya makosa katika muda uliowekwa hushinda kitu kidogo. Ulianza kwa dakika 10 mara chache kwa wiki, ukaongezwa taratibu. Watoto wa mji wa Baltimore, Marekani, waliocheza mchezo huo katika miaka ya 1980 walifuatiliwa hadi walipofika miaka 19 hadi 21, na wavulana, hasa wale waliokuwa wagomvi tangu darasa la kwanza, walikuwa na matatizo machache ya dawa za kulevya kuliko wenzao. Hakuna aliyewatajia dawa. Walijifunza kusubiri zamu yao na kutulia wakiwa na wenzao.

Uonevu, na fimbo ya mwalimu

Mwaka 1982 wavulana watatu nchini Norway walijiua, na uonevu wa wenzao ukaonekana kuwa chanzo. Mwaka uliofuata nchi hiyo ilianzisha kampeni ya shule zote, na Dan Olweus, mtafiti wa saikolojia, akaunda mpango uliokuja kuigwa kwingi. Kutoka kwake tumepata vigezo vitatu vya kutofautisha uonevu na ugomvi: ni kwa kusudi, hurudiwa, na kuna tofauti ya nguvu kati ya pande mbili. Tofauti hiyo ina maana kubwa katika kazi ya kila siku. Wagomvi wawili walio sawa wanaweza kuketishwa pamoja na kupatanishwa. Mwonevu na anayeonewa wasiketishwe meza moja na kuambiwa wapeane mikono, kwa sababu aliye dhaifu atakubali chochote ili atoke nje, na nje atasubiriwa.

Ufini iliongeza jambo jingine. Mpango wa KiVa, uliotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Turku na kusambazwa kitaifa kuanzia mwaka 2009, unaelekeza nguvu kwa watazamaji: wanaocheka, wanaorekodi kwa simu, wanaogeuza uso. Mwonevu hutafuta hadhi, na hadhi hutolewa na wanaotazama. Kwa hiyo taarifa ikifika, ongea kwanza na aliyeonewa peke yake, upate tarehe, mahali na majina. Kisha ongea na kila mwonevu kivyake, siku hiyo hiyo, kabla hawajapanga hadithi moja. Halafu waite wanafunzi wawili au watatu wenye heshima darasani na uwaombe jambo dogo lililo wazi, kama kukaa na mwenzao wakati wa chakula. Baada ya wiki moja fuatilia tena pande zote, na baada ya mwezi tena. Ufuatiliaji ndio unaomwambia mwonevu kwamba shule haijasahau.

Pawepo zaidi ya njia moja ya kutoa taarifa: sanduku, mwalimu wa kike na wa kiume waliochaguliwa na wanafunzi wenyewe, na namba ya simu inayopokelewa. Viranja wasiwe njia pekee. Katika shule nilizozifahamu, baadhi ya viranja walikuwa miongoni mwa nukta nyekundu.

Kisha kuna swali ambalo vikao vya walimu hulikwepa. Mwanafunzi anayechapwa kwa kumchapa mwenzake anajifunza somo moja, kwamba mwenye nguvu hupiga. Katika wilaya ya Luwero, Uganda, shule za msingi 42 zilihusishwa katika jaribio la zana za shule bora zilizotengenezwa na shirika la Raising Voices, ambapo walimu, wanafunzi na uongozi walijiwekea malengo, kanuni na njia mbadala za nidhamu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba ukatili wa kimwili kutoka kwa watumishi wa shule ulipungua kwa asilimia 42. Mwalimu anayesema darasa haliwezi kutulia bila fimbo ana haki ya kuuliza atumie nini. Jibu ni kanuni zisizozidi tano, zilizoandikwa na darasa lenyewe, na matokeo madogo yanayofuata kila kosa bila kukosa. Adhabu ndogo yenye uhakika huzuia kuliko kubwa ya kubahatisha.

Unapomshuku mwanafunzi

Dalili moja haitoshi. Macho mekundu yanaweza kuwa ya vumbi au ya kulia usiku, na usingizi darasani unaweza kuwa wa njaa. Tazama mabadiliko yanayoandamana ndani ya wiki chache: marafiki wapya wote kwa mkupuo, alama zinazoshuka katika masomo aliyoyapenda, pesa zisizoelezeka au vitu vinavyopotea, hasira za ghafla, nguo za mikono mirefu siku ya jua, harufu ya gundi au petroli kwenye nguo, vidonda kuzunguka mdomo na pua. Andika unachokiona pamoja na tarehe, bila kuandika unachokidhani.

Mazungumzo yafanyike faraghani lakini mahali panapoonekana, wakati mwanafunzi yuko timamu, na yaanze na ulichokiona. Niliwahi kuanza hivi na kijana mmoja: "Mwanangu, mwezi huu umekosa Ijumaa tatu, na zamani ulikuwa unawahi kuliko mimi. Nimekukumbuka." Alinyamaza kwa muda niliodhani ni mrefu sana. Kisha akasema, "Mwalimu, Ijumaa ndiyo siku wanayolipwa." Wao ni nani, walilipwa nini na nani, yote hayo yalikuja baadaye, kwa vipande, katika mazungumzo manne. Ningeanza na "unavuta bangi?" ningepata "hapana", na hapo ndipo mlango ungefungwa.

Usiahidi kwamba utaficha kila kitu. Sema tangu mwanzo kwamba kuna mambo matatu utakayolazimika kumwambia mtu mwingine: akiwa hatarini kujidhuru, akiwa anadhuriwa na mtu mzima, au kama kuna silaha. Mengine yabaki kwako na kwa timu ndogo inayomsaidia. Aliyejaribu mara moja anahitaji mazungumzo, mzazi na ufuatiliaji. Anayetumia kila wiki anahitaji mhudumu wa afya. Aliyefikia utegemezi anahitaji tiba, na asiachishwe kwa kufungiwa chumbani, kwa sababu kuacha ghafla pombe au dawa za usingizi alizozizoea kunaweza kumletea degedege.

Kuna dharura ambazo kila mwalimu wa zamu anapaswa kuzijua. Mwanafunzi uliyemkuta ananusa gundi, petroli au tina usimkimbize wala usimfokee. Mshtuko na mbio huongeza homoni inayousukuma moyo, na moyo uliokwisha kuathiriwa na mvuke ule unaweza kusimama hapo hapo. Ongea kwa sauti ya chini, mtoe kwenye hewa safi, mketishe. Aliyepoteza fahamu lakini anapumua alazwe kwa ubavu, kichwa kikirudishwa nyuma kidogo na mdomo ukielekezwa chini ili matapishi yasimzibe koo, na asiachwe peke yake hata dakika moja. Anayepumua kwa shida, mwenye midomo ya samawati na mboni za macho ndogo kama ncha ya sindano, huenda ametumia heroini au dawa nyingine ya jamii ya afyuni. Ita gari la wagonjwa mara moja, na palipo na naloksoni, dawa inayopinga athari za afyuni, itumike. Usimpe maziwa, usimmwagie maji, usimtapishe.

Kumfukuza shule

Kufukuza ni rahisi na huleta ahueni kwa wiki kadhaa. Kikosi kazi cha Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilichochunguza sera za kutovumilia kosa lolote kilihitimisha mwaka 2008 kwamba sera hizo hazikuzifanya shule kuwa salama zaidi, na kwamba kusimamishwa masomo kulihusishwa na kurudia makosa na kuacha shule. Kijana aliyefukuzwa hupata saa nane za ziada kila siku bila mtu mzima, yaani kile kile kilichomponza. Wauzaji wakubwa na wenye silaha ni suala la vyombo vya sheria, na shule isijifanye mahakama. Kwa wengine, simamisha ndani ya shule: chumba chenye mwalimu, kazi za darasa, kikao na mshauri, kurekebisha alichoharibu, na siku ya kurudi iliyoandikwa tangu siku ya kwanza.

Wazazi

Iceland ilipima vijana wake mwaka 1998 na kukuta asilimia 42 ya wenye miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Kufikia mwaka 2016 walikuwa asilimia 5, na wanaovuta sigara kila siku walishuka kutoka asilimia 23 hadi 3. Katika miaka hiyo walirudia dodoso mara kwa mara na kuipa kila shule matokeo yake, wakaongeza michezo na sanaa baada ya masomo, wakaweka saa ya watoto kuwa ndani usiku, na wazazi wa kila shule wakasainiana makubaliano. Hayo yote yalikwenda pamoja, kwa hiyo si rahisi kusema lipi lilifanya kazi zaidi, ila mimi naona makubaliano ya wazazi ndiyo rahisi kuigwa popote.

Katika kikao cha wazazi usisome takwimu kwa saa nzima. Onyesha ramani, kisha wape karatasi yenye mistari minne waijadili na kuisaini: saa ambayo watoto wetu watakuwa nyumbani siku za shule; hatutawauzia wala kuwatuma pombe na sigara; mtoto akilala kwa rafiki, wazazi wawili watazungumza kwanza; nikimwona mtoto wako mahali pabaya nitakupigia, na wewe hutanigombeza. Mstari wa nne huleta ubishi mrefu kuliko mingine yote, na ubishi huo uachwe uendelee, kwa sababu mtoto asiye na jicho la jirani huwa na jicho la mzazi peke yake, nalo hulala.

Mzazi anapoitwa kwa ajili ya mwanawe, aanze kusikia jambo moja jema na la kweli kuhusu mtoto huyo kabla ya kosa. Kama hakuna mwalimu anayeweza kulitaja, rudini kwenye yale majina ya ukutani.

Mwisho wa muhula rudia dodoso na ramani, kwa karatasi zile zile na maswali yale yale, uzibandike mbili kando kando. Usishtuke kama taarifa za uonevu zimeongezeka sandukuni wakati dodoso linaonyesha uonevu umepungua. Watoto wameanza kuamini sanduku. Tazama nukta zimekwenda wapi. Kwetu zilitoka bombani, na kumi na moja kati yake zikatokea nje ya lango, kwenye njia ya kurudi nyumbani, saa kumi na nusu jioni, na hiyo ndiyo iliyokuwa ajenda ya kwanza ya kikao cha wazazi kilichofuata.